Nani Kalifuta Zimwi?

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Vita imeanza. Nimenunua daftari hili kwa ajili ya ushahidi. Siku wakija kuuliza nani alimfanyia nani nini, watakuta yote humu, kwa tarehe.

Asubuhi Bosi katukalisha chini, mimi na fundi wa sauti. Ofisi nzima ni sisi watatu. Vyumba viwili juu ya duka la dobi, sakafu inachoma nyayo kwa sababu ya pasi za chini, dirisha moja halifunguki na jingine halifungiki. Tunatengeneza gemu la kutisha. Mchezaji ni mfanyakazi aliyefungiwa ndani ya ghala kubwa la barafu. Ana tochi yenye betri moja, risasi tatu, na humo ndani hayuko peke yake. Kazi yake ni kutoka akiwa hai, basi.

Ghala lina ghorofa mbili. Ya chini naitengeneza mimi, ya juu fundi wa sauti. Bosi mama wa watu hana maneno mengi. Kasema Jumamosi anawaleta watu sita wacheze zote mbili. Ghorofa itakayowatisha zaidi, mwenye nayo atakuwa mbunifu mkuu wa gemu zima. Mwingine atahamia chumba cha nyuma, atengeneze gemu la kuwafundisha watoto wa chekechea kupiga mswaki.

Mimi na mswaki!

Ubaya ni kwamba Shangazi, ninayekaa kwake, anajua nimeshakuwa mbunifu mkuu tangu Mei. Nilimwambia mwenyewe. Ilinitoka tu siku aliyoniuliza kama kazi yangu ni kazi kweli. Alifurahi mpaka akanishonesha koti. Amewaambia majirani. Amewaambia wastaafu wenzake wote. Nikishindwa sijui nitamtazama kwa macho gani.

Fundi wa sauti tunamwita Kimya, maana kwa siku hazidishi maneno kumi. Mtu asiyeongea ana nini anachoficha? Leo kanisalimia, kaniuliza nimeamkaje. Kwa nini anataka kujua?

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Kimya kashinda asubuhi nzima anarekodi mlango wa choo. Dakika arobaini! Anaufungua polepole, anasikiliza, anaufunga, anaandika kitu. Halafu kaenda kurekodi friji ya ofisi. Friji hiyo inanguruma, inanyamaza, inakohoa kidogo, inaanza upya. Iliponyamaza, naye alitabasamu. Mtu mzima anatabasamia friji.

Nina hakika anarekodi mazungumzo yangu ya simu. Kuanzia leo simu zangu napigia ngazini, kwa mafumbo. Nimempigia mwenye duka la viatu kuagiza raba, hakunielewa, kakata.

Mimi naamini katika kazi. Zimwi langu lina meno sabini na mawili, yote nimeyachora kwa mkono, hakuna jino lililofanana na jingine. Jana zimwi lilikuwa moja. Leo nimeongeza mazimwi yakawa tisa. Mchezaji akifungua mlango tu, hilo hapo! Akigeuka, jingine! Risasi tatu hazitoshi kwa mazimwi tisa, nimempa mia tatu. Betri ya tochi nimeiondolea ubahili, sasa haiishi, maana sitaki mtu ashindwe kuyaona meno yangu.

Jioni nimemfanyia Shangazi jaribio la siri, kwa kipimo cha ofisi. Kipimo chetu ni kikombe. Unamwekea mchezaji sinia mapajani, juu yake kikombe cha maji kilichojaa hadi ukingoni. Anacheza dakika ishirini. Akishtuka, maji yanamwagika. Mwisho unamimina yaliyobaki kwenye jagi la kupimia, unaona kiasi gani kimepotea. Bosi ndiye aliyekibuni, anasema watu hudanganya lakini mapaja hayadanganyi.

Shangazi ni askari magereza mstaafu, miaka thelathini na moja. Kacheza huku anatafuna karanga. Mazimwi yote tisa kayapiga risasi kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Lililomrukia usoni kaliuliza kama limepiga mswaki. (Kwa nini mswaki? Nani kamwambia habari za mswaki?) Maji yaliyomwagika: hakuna. Hata tone.

Nikamuuliza, kwa hasira kidogo, basi yeye huogopa nini. Kasema gerezani mfungwa mpiga kelele hakuwahi kumnyima usingizi, maana alijua yuko wapi. Aliyenyamaza ndiye ambaye yeye Shangazi alikuwa anarudi kumhesabu mara ya pili.

Uzee huo. Kesho naongeza mazimwi yafike kumi na mawili.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimeamua kupeleleza. Wakati wa chakula Bosi hushuka kwa dobi kupiga soga, na Kimya hubaki peke yake. Hubaki anafanya nini? Nikaaga kwa sauti kwamba natoka, nikashuka ngazi kwa kishindo, nikapanda tena bila viatu, nikajifungia stoo.

Stoo yetu haina taa. Balbu iliungua mwaka jana. Nilikuwa na simu yenye chaji asilimia nne, nikawa naiwasha kidogo, naizima, kuibania. Nje kukawa kimya. Halafu nikasikia hatua. Pole pole. Zikaja, zikafika mlangoni, zikasimama.

Hazikuondoka.

Sijui ulipita muda gani. Chini ya mlango nilikuwa naona kivuli cha miguu miwili. Simu ikazima. Nikajikuta nimekumbatia ndoo ya kudekia. Kitasa kikainama nusu, kikaacha. Hatua zikarudi zilikotoka. Nikakaa mle robo saa nzima nasubiri zirudi, na huko kusubiri ndiko kulikokuwa kubaya kuliko vyote.

Baadaye nikasikia Kimya anamwambia Bosi kwamba alikuwa anafuata karatasi za chooni, akahisi kama kuna panya stoo, akaogopa kufungua.

Panya!

Nimekaa mezani nimejichunguza na sipati jibu kwa nini niliogopa vile. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na hata jino moja. Nitakuwa sikula vizuri asubuhi. La kukumbuka kutoka tukio hili: ninunue balbu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Saa sita mchana Bosi katangaza kazi imefungwa. Kuanzia sasa mpaka Jumamosi hakuna kugusa ghorofa, yako wala ya mwenzako. Kimya kaitikia, kazima kompyuta yake, katoka kwenda kula. Katii vile vile, bila hata kubishana. Nani hutii namna hiyo kama hana njama?

Nikakaa kwenye kiti chake. Neno lake la siri liko kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Nikafungua ghorofa ya juu.

Kaka wa watu ana zimwi moja tu! Moja! Refu, jembamba, limempa mtu mgongo. Halina meno, halina hata uso. Linamsubiri mchezaji nyuma ya mlango wa tatu. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana niliona kwamba lilikuwa limechorwa vizuri, na nikauma kidole. Kama watu wa Jumamosi ni wa kupenda migongo je?

Nimelifuta. Nikaona haitoshi, nikafuta na muziki wake wote, ule wa vinanda unaopanda taratibu. Nikabakiza milango, ngurumo ya friji, na hatua za miguu ambazo sikujua faili lake ni lipi. Tochi ya mchezaji nikaibana betri iishe katikati, ili wasione hata hizo kuta alizozihangaikia.

Jumamosi watu watatembea kwenye ghorofa tupu wanasikiliza friji. Watalala!

Kwangu nimeongeza king'ora na taa nyekundu. Najua kazi imefungwa, lakini sheria ni kwa wenye nia mbaya.

Kimya karudi, kanitazama, kasema naonekana nimechoka. Maneno mawili tu. Anajua nini?

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Kimya kaniletea chai. Hajawahi kuniletea chai tangu nimjue. Nikasema asante, nikasubiri ageuke, nikaimwaga kwenye chungu cha ua la Bosi. Nimelitazama ua mpaka saa kumi na moja. Halijanyauka. Basi itakuwa sumu ya polepole.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba hajafungua kompyuta yake hata mara moja. Angeifungua, angeona. Mtu gani ana mashindano kesho na haendi hata kuchungulia kazi yake? Au kesha­ona, anavunga? Nimempitia nyuma mara saba kuangalia. Mara ya saba kaniuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia nanyoosha miguu.

Shangazi kasema Bosi kampigia, kamwalika kesho awe mmoja wa wale sita. Wamejuana vipi? Kasema Bosi alitaka mtu asiyetishika. Kafurahi, kanipigia pasi lile koti, anataka kuniona nikiwa kazini na cheo changu. Sikula chakula cha jioni.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nitaeleza kwa mpangilio.

Wamekuja sita: kinyozi, dereva wa teksi, mwalimu wa hesabu, mhasibu, muuza maua, na Shangazi na mkoba wake. Sinia, vikombe, mapazia chini. Wakaanza na ghorofa yangu.

Zimwi la kwanza lilipotokea, kinyozi kaguna vizuri na moyo wangu ukapanda. La pili, muuza maua kacheka. La tano wote walikuwa wanacheka. Mhasibu kaanza kuyahesabu kwa sauti. King'ora kilipolia, dereva wa teksi kasema hapo sasa tumpishe mgonjwa. Kilichomwagika, kwa watu wote sita: mililita kumi na moja, na kumi kati ya hizo ni za kucheka. Nilitamani sakafu ipasuke, nidondokee kwenye pasi za dobi.

Nikajipa moyo. Sasa wakalale kwenye ghorofa tupu ya Kimya.

Hawakulala. Dakika tatu za kwanza hakuna aliyesema kitu. Friji ikanguruma. Ikanyamaza. Na iliponyamaza, niliona watu sita wanaacha kupumua. Hatua zikasikika, mbali. Mlango mmoja ukalia, ule ule wa choo chetu! Tochi ikaanza kufifia. Dereva wa teksi kasimama mbele ya mlango wa tatu dakika nne nzima, anaushika, anauacha. Kinyozi kaokoa risasi zake zote tatu mpaka mwisho, akasema huwezi kujua. Mhasibu kauliza kama anaweza kucheza taa ikiwa imewashwa. Mwalimu wa hesabu kafungua mlango, hakukuta kitu, na kikombe chote kikamwagika mapajani mwake. Nyuma ya mlango hapakuwa na chochote! Nilitaka kusimama niwaambie, jamani, ni chumba kitupu, mnaogopa nini?

Halafu nikamwona Shangazi. Alikuwa ameacha karanga. Alikuwa anageuka nyuma mle ndani ya gemu, anarudi vyumba alivyokwisha kupita, anavikagua tena. Sijawahi kumwona Shangazi hivyo, hata kwenye msiba wa mume wake, na nilijisikia vibaya, nikataka kuzima mashine. Kasema kwa sauti ndogo kwamba yumo, ila hajamwona.

Kikombe chake kilimwagika zaidi ya nusu. Bosi hakumaliza hata kupima.

Kamgeukia Kimya, kamuuliza kawezaje. Kimya kafungua kompyuta yake, kaangalia, kaangalia tena. Kisha akatoa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. Kasema hii siyo kazi yake. Yeye aliweka zimwi nyuma ya mlango wa tatu, na muziki, na tochi ya kutosha. Kuna mtu kaviondoa. Na huyo mtu, kasema, kamshinda. Asingethubutu kuondoa zimwi. Ndilo lililokuwa linaharibu.

Bosi katutazama. Ofisi ina watu watatu. Kasema aliyefanya hivyo aseme, maana huyo ndiye anayemtaka awe mbunifu mkuu.

Ahaa!

Huo mtego hata kipofu angeuona. Mhalifu anaahidiwa cheo, anajitokeza mbio mbio, anakamatwa. Wameupanga wale wawili, ndiyo maana ya ile chai. Nikajitia hamnazo. Bosi kaniuliza mara ya kwanza, nikasema siyo mimi. Mara ya pili, nikaapa. Kimya kanisogelea, kasema taratibu, ndugu yangu, kama ni wewe sema tu, ni jambo zuri. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Muigizaji! Mara ya tatu nikatoa ushahidi. Nikawakumbusha kwamba mimi hata neno langu la siri Bosi kanibadilishia mara mbili kwa kulisahau, kompyuta ya mtu nitaifungulia wapi? Bosi kafikiri, kasema ni kweli.

Basi kampa Kimya cheo. Kasema kama mwenye kazi hajulikani, cheo atakipata aliyekuwa mkweli.

Nimewaponyoka. Lakini sijui kwa nini nina hamu ya kulia.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Shangazi kaniita mezani. Hakuzunguka. Kasema kafanya kazi na waongo miaka thelathini na moja, na mtu akiapa kabla hajaulizwa vizuri, kesho yake hukutwa na msumeno. Kaniuliza kwa nini nilikataa kitu kilichokuwa changu.

Nikamwambia ni mtego. Kasema Bosi hakuwa anatega, alikuwa anatafuta. Alimwona macho. Nikamuuliza kama ana hakika. Kasema ana hakika kama anavyojua kwamba sijawahi kuwa mbunifu mkuu wa kitu chochote, si Mei, si Juni.

Kumbe alijua. Alijua siku ile ile ya kwanza, na koti akashonesha vile vile. Nikamuuliza kwa nini. Kasema alidhani nikilivaa vya kutosha nitalienea.

Nililia, naandika ukweli. Shangazi kanisogezea karanga. Baadaye nikamuuliza jana aliogopa nini hasa, maana chumba kilikuwa kitupu. Kasema ningemwonyesha kitu, angejua ukubwa wake. Sikumwonyesha, ikabidi akipime mwenyewe, na yeye ana mifano mingi.

Sikuelewa vizuri, ila nimeamua: kesho naenda kukiri.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimekiri. Nimesimama mbele ya meza ya Bosi nimevaa koti, nikasema ni mimi niliyelifuta zimwi, na muziki, na betri. Bosi kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kacheka mpaka kavua miwani. Kasema ameshaona watu wanaodandia sifa za wenzao, lakini siyo siku mbili baada ya kuzikataa kwa kiapo. Kompyuta ile niliifunguaje, mimi huyu? Nikasema kikaratasi chini ya kibodi. Tukaenda wote. Hakuna kikaratasi. Kimya kabadilisha neno la siri Jumamosi jioni, kama mtu yeyote mwenye akili.

Kimya alikuwepo. Sikupenda alivyonitazama, kulikuwa na huruma ndani yake.

Nimehamishiwa chumba cha nyuma. Kina meza moja, kiti kimoja, mlango mmoja, na picha ya mtoto anayetabasamu na povu mdomoni.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Saa tisa na nusu alasiri Kimya kaja kugonga chumba cha nyuma. Alikuwa amebeba kiti. Kiti kizuri, cha magurudumu.

Kasema anajua ni mimi. Mwenyewe aliona kibodi chake kimerudishwa kichwa chini miguu juu. Kasema hajali nililifuta kwa nia gani, anachojua ni kwamba mikono yangu iliondoa vitu ambavyo yeye alivipenda mno kuviondoa. Kamwomba Bosi tutengeneze pamoja ghorofa zote mbili, majina yetu yote mawili mbele, na Bosi kakubali kama na mimi nakubali. Kiti hiki ni changu, kitakaa karibu na chake. Kasema peke yake anaogopa kuharibu.

Kwa Kimya hiyo ni hotuba ya mwaka mzima. Mkono wake ulikuwa kwenye mgongo wa kiti, ananisukumia kidogo.

Karibu niingie mkenge! Hebu fikiria. Mtu umemfutia kazi yake, anakuletea kiti? Cha magurudumu? Na kwa nini karibu na chake, kama si ili anione vizuri? Nikamwambia hapana, nashukuru sana, hapa nilipo nimetosheka. Nikamwambia mimi si mtoto wa jana.

Kasema basi. Katoka, na mlango kaurudisha polepole sana, kiti kakiacha.

Nimesikiliza hatua zake zikienda. Moja, mbili, tatu, nne. Zikasimama. Kutoka hapa mpaka kwenye meza yake ni hatua kumi na mbili, nimezipima. Kwa nini kasimama kwenye ya nne? Friji nayo imenyamaza. Sasa ni dakika kumi na hakuna kinachosikika huko nje.

Nimeburuta meza nimeiegemeza mlangoni, na juu yake nimeweka kile kiti. Hapa hanipati. Ni saa kumi kasoro, ofisi inafungwa saa kumi na moja, na bado sijajua nitatokea wapi.